Ngozi Ndani ya Breki

Jumatatu, 3 Agosti 1987

Leo plagi. Pikapu ilikuwa inakohoa tangu jana. Nikaiacha inanguruma, nikachomoa waya wa plagi moja moja. Wa kwanza, injini ikayumba. Wa pili, ikayumba. Wa tatu, haikubadilika kitu. Basi huyo ndiye mgonjwa. Imelowa, nyeusi, inanuka mafuta ya taa. Wauza petroli wanachanganya, nani hajui. Nikaisugua kwa brashi ya waya, nikaikausha juu ya jiko la mkaa, nikairudisha. Gari ikawaka kwa mguso mmoja. Fundi wa chuo angemaliza siku nzima.

Shemeji akaleta chai na mihogo ya kukaanga. Nimekunywa vikombe vitatu.

Hamisi rafiki yangu tumemzika miaka minne sasa. Gari yake bado inatembea. Mjane wake Mwanahawa, ndiye huyu shemeji, anaendaga nayo Mwigobero, mwaloni Musoma, kila Jumanne kuchukua dagaa, anarudi Bunda anauza. Hajalala njiani hata siku moja. Nani alimfundisha kuendesha? Mimi. Nani anaitengeneza? Mimi. Bunda nzima hakuna anayeijua hiyo gari kama mimi. Hata Hamisi hakuijua.

Jumatano, 5 Agosti

Jana shemeji karudi kutoka Musoma. Nilisikia gari kabla haijafika kwenye kona. Imetulia. Haitikisiki. Mtu kaigusa.

Nikaenda. Nikafungua boneti. Platini ya cheche imesawazishwa. Waya wangu niliofungia kebo ya mafuta umetolewa, imewekwa springi mpya. Injini imefutwa mpaka inang'aa kama sufuria ya bibi harusi.

Shemeji anasema gari ilizimika pale Mwigobero, watu wakamwita Fundi Shabani wa Iringo, huko huko Musoma. Alikuwaga Kisumu miaka mingi, karudi na sanduku la spana na taa ndogo ya kupimia umeme. Anasema ana adabu. Anasema hakutaka hata soda.

Imetengenezwa vizuri. Hilo ndilo limeniuma. Chai sikunywa.

Jumapili, 9 Agosti

Shabani kaja mwenyewe Bunda. Kwa basi. Na ovaroli safi, siku ya mapumziko. Mtu wa miaka hamsini hivi, kafiwa na mke, kofia ya darizi kichwani. Nimemkuta kakaa kwenye kigoda changu, kando ya gari yangu. Naam, ya shemeji. Naandika kama nilivyohisi.

Akanisalimia vizuri, shikamoo mzee wangu. Nikaitikia. Kisha akafungua kifuniko cha mafuta ya breki, akanusa, akachovya kidole.

"Mzee wangu, hii ni breki au dawa ya tumbo?"

Shemeji akacheka. Akacheka mpaka akashika mlango. Mimi sijamchekesha hivyo tangu Hamisi afe.

Ni mafuta ya nyonyo, nikamwambia. Wakati wewe uko Kisumu unakula mkate, sisi huku tulikuwa tunapanga foleni ya sabuni. Mafuta ya breki tungeyatoa wapi? Akasema pole, wakati ule ulikuwa mgumu kweli. Kwa upole. Upole wake unanikera kuliko matusi.

Siku hizi ruksa. Kila kitu kinapita mpakani Sirari. Akatoa kopo jipya, akamwaga nyonyo yangu yote chini, akamwaga mpya. Akalegeza nati za nyuma ya magurudumu, akatoa upepo, akakaza. Magurudumu hakuyafungua.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Sikusema.

Naandika hapa, maana hakuna atakayesoma. Ndani ya breki za nyuma hakuna raba za kuzuia mafuta. Kuna ngozi ya ng'ombe. Mwaka ule raba zilikuwa hazipatikani, si Musoma, si Mwanza. Pikapu ilikaa juu ya mawe miezi miwili na Hamisi anakonda. Nikakata vikombe vidogo vya ngozi, nikaviloweka kwenye nyonyo wiki nzima, nikaviingiza. Breki ikashika. Hamisi akaniuliza nimepata wapi raba. Nikasema Mwanza, kwa Mhindi mmoja ananiheshimu. Hamisi akaita watu waje waone. Nilikaa kwenye kiti kama chifu. Tangu hapo kila mwaka navibadilisha mwenyewe, watu wakiwa shambani.

Ngozi inaishi kwa nyonyo. Hayo mafuta ya kopo yanaikausha shahamu yake, inalegea kama utumbo uliochemshwa. Nilishaona kwenye lori la ushirika nilipokuwa dereva.

Nikisema, ninasema pia kwamba hakuna Mhindi wa Mwanza. Mbele ya huyo. Hapana.

Tena breki haifi ghafla. Pedeli itaanza kushuka kidogo kidogo. Shemeji ataona, ataogopa. Atasema Shabani ameharibu gari. Atakuja kwangu. Acha ilegee.

Jumanne, 11 Agosti

Alikwenda Musoma na wajukuu wawili, akarudi salama. Nikamuuliza breki inasemaje. Anasema kali kama wembe.

Alipoingia ndani nikapanda, nikakanyaga. Imeshuka kidole kimoja.

Nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi.

Alhamisi, 13 Agosti

Vidole viwili. Shemeji hajasema kitu. Nazunguka pale uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nimejifanya naangalia maji ya betri. Nimejifanya naangalia feni. Yeye ananiambia usijisumbue shemeji, Shabani alishaangalia.

Shabani alishaangalia. Shabani kasema. Shabani anajua. Hata chumvi ya mboga karibu atasema Shabani kaionja.

Nina wivu. Sasa nimeandika. Mzee wa miaka sitini na saba, nina wivu kwa sababu ya boneti ya gari. Na si boneti tu.

Ijumaa, 14 Agosti

Shemeji kaniita asubuhi. Nikavaa shati la kanisani. Nikadhani ni pedeli.

Si pedeli. Akanikalisha sebuleni, kiti cha Hamisi. Akasema Shabani ametuma wazee wawili toka Iringo, wamekuja juzi na maneno ya heri. Yeye hajajibu. Kwanza anataka kwenda Butiama kwa dada yake mkubwa, kesho asubuhi, Shabani atakuja amsindikize. Lakini hata kabla ya dada yake kaona aniulize mimi.

"Wewe ndiye ulikuwa mtu wa Hamisi. Ukisema hafai, nitakusikiliza."

Nikatazama chini. Mdomo wangu ukasema wenyewe kwamba fundi asiyefungua gurudumu si fundi.

"Nimekuuliza mtu, shemeji. Sijauliza gurudumu."

Nikaaga. Kwenye uwanja nikapitisha mguu kwenye pedeli. Imeshuka karibu na sakafu. Nikakanyaga mara ya pili, ikapanda juu, ngumu kabisa.

Nikasimama pale kama mti. Maana mimi ndiye nilimfundisha. Breki ya nyonyo inakuwaga nzito asubuhi, kwa hiyo tangu siku ya kwanza nilimwambia: piga mara mbili, usipige mara moja kama wazungu. Na yeye anapiga mara mbili, miaka yote, bila kufikiri. Mara ya pili ikipanda anaona kila kitu sawa. Hatajua. Siku atakayojua ni siku mara ya pili nayo itakapokosa.

Na barabara ya Butiama ina miteremko.

Nimesema nitamwambia jioni. Jioni imefika, nimekaa hapa na kalamu. Kumwambia ni kumpa Shabani mke na jina langu pamoja. Kesho asubuhi mapema. Nitawahi.

Jumamosi, 15 Agosti

Sikuwahi. Nilikaa kunyoa ndevu. Kweli, nilikuwa nanyoa ndevu ili nionekane mtu. Nikasikia injini inawaka.

Nikatoka na sabuni upande mmoja. Wameshatoka getini, yeye kwenye usukani, Shabani pembeni, nyuma magunia ya dagaa na mkungu wa ndizi. Nikakimbia kukata kona, nikasimama katikati ya barabara, mikono juu.

Nilimwona anapiga mara ya kwanza. Hakuna. Mara ya pili. Hakuna. Niliuona uso wake ukibadilika. Mara ya tatu ikashika kidogo, bampa ikanigusa magoti, nikakaa chini kwenye vumbi mbele ya watu wa Bunda.

Wakatoka wote wawili. Shabani ananishika kwapa, anauliza nimeumia wapi. Nikamwambia niache. Nikaongea nikiwa pale pale chini. Nikisimama ningeongea uongo.

"Msiende. Magurudumu ya nyuma hayana raba. Ni ngozi ya ng'ombe, nilikata mimi. Mafuta yako ya kopo yameilegeza."

Wakaisukuma pikapu mpaka uani, mimi nikisukuma nyuma, wakaniachia. Shabani akatoa gurudumu, akatoa silinda. Kikombe changu kikatoka kama utumbo, kama nilivyojua. Nikangoja acheke. Watu wamejaa getini, nikasema moyoni sasa cheka umalize.

Akakigeuza kiganjani. Akakipangusa.

"Mzee wangu, hiki ulikikata kwa kisu?"

Kwa wembe, nikasema. Akauliza kimekaa muda gani. Nikasema hicho mwaka mmoja, lakini vyote toka cha kwanza ni miaka mitano. Akatikisa kichwa. Akasema Kisumu kuna watu wana mashine na hawawezi. Alisema kwa sauti, watu wasikie. Ningependa angecheka. Mtu akikucheka unaweza kumchukia vizuri.

Shemeji hakuangalia ngozi. Aliniangalia mimi.

"Raba za Mwanza?"

"Hazikuwepo."

"Hamisi alijua?"

"Hakujua."

Nilidhani yameisha hapo.

"Na haya mafuta mapya. Jumapili ulikuwa umesimama hapa. Ulijua?"

Nikasema nilijua.

"Jumanne nilibeba wajukuu."

Hakupaza sauti. Akaokota mkungu wa ndizi, akaingia ndani, akafunga mlango. Sijawahi kuona mlango huo umefungwa mchana.

Jumapili, 16 Agosti

Sikuenda kanisani. Magoti yanauma.

Jumatano, 26 Agosti

Raba zimeletwa kutoka Sirari. Shabani kazifunga jana. Hawakuniita. Niliona kwa mbali, nikipita kwenda kununua tumbaku. Nilipita mara tatu. Tumbaku yenyewe sikununua.

Gari ilikwenda Butiama leo, ikarudi jioni. Nilihesabu saa nilizongoja.

Nimefikiri sana kuhusu wale watoto wawili. Mdogo anapendaga kusimama nyuma na kushika chuma cha keji, ule uzio wa pikapu. Mimi niliketi nikapima vidole kwenye pedeli, nikafurahi. Fundi bora wa Bunda.

Ijumaa, 28 Agosti

Nimekwenda. Nikabisha hodi mlangoni kama mgeni, si kupitia uani. Akafungua. Hakunikaribisha ndani, hakunifukuza.

Nikamwambia nimekuja kujibu lile aliloniuliza. Kwamba Shabani anafaa. Kwamba aliniokota barabarani nikiwa na sabuni usoni, na alinilindia heshima wakati alikuwa na nafasi ya kuivunja. Kwamba Hamisi angempenda. Hilo la mwisho lilitoka kwa shida kama nati yenye kutu.

Akasema amesikia. Akasema, na wewe ndevu zimeota vibaya upande mmoja. Akafunga mlango taratibu.

Nimerudi nyumbani nimelala mchana kutwa kama mtu mwenye homa.

Jumamosi, 12 Septemba

Jana ndoa imefungwa. Nilialikwa. Nilikula pilau, nikasema pilau ya kawaida. Ilikuwa tamu.

Leo asubuhi Shabani kaja kwangu. Peke yake, bila ovaroli. Kasema pampu ya kisima cha msikitini imekufa, haina nguvu ya kuvuta, ndani kuna kikombe cha ngozi kimechakaa, na kipya hajakipata popote. Kaleta kipande cha ngozi chini ya kwapa. Anaomba nimwonyeshe.

Nikatoa wembe. Nikamwonyesha kuchora duara, kukata kwa mkono mmoja bila kuinua, kuloweka, kukandamiza kwenye kikombe cha kahawa ili kishike umbo. Mikono yake ni mizuri. Anajifunza haraka kuliko inavyopendeza.

Akauliza ni sehemu gani ya ng'ombe inafaa. Nikamwambia mgongo. Akashukuru, akakunja ngozi yake, akaaga. Shemeji yako anasalimia, akasema. Bado anamwita shemeji yangu, hasemi mke wangu.

Nikakaa. Nikamwangalia anavuka barabara. Ngozi ya mgongo inapasuka kabla ya miezi miwili. Kila mtu ataona kisima kimemshinda, na mimi sijafanya kitu ila kunyamaza.

Nikamwita. Hakusikia, nikamwita tena. Akarudi.

Nikamwambia ni shingo. Mgongo haufai, nilikosea. Hakuuliza nimekoseaje. Nikaingia ndani nikachukua kipande changu mwenyewe, cha shingo, nilichokuwa nimekiweka miaka miwili juu ya dari.

Akakaa chini kwenye mkeka. Kilikuwa kigumu, kinateleza. Nikamshikia upande wa pili, akakata.