Kaburi la Mwenye Namkonda, Kama Ndilo

Jumatatu, 14 Julai 2025

Tangazo! Kwa masikitiko makubwa naujulisha umma — umma wenyewe ni mimi — kuwa leo saa mbili asubuhi jino langu la juu, upande wa kushoto, limefariki dunia likiwa kazini, ndani ya kipande cha muhogo wa kuchemsha. Lilikuwa na umri wa miaka arobaini na ushei. Limeacha mjane, jino la chini. Mama Huruma alicheka mpaka akashika ukuta. Ndoa ya miaka ishirini na saba hiyo!

Habari ndogo ndogo: wachimbaji wa mambo ya kale wamefika Lupaso kutoka Dar. Mkuu wao mwanamke, Dokta Yasinta, miwani na buti za vumbi. Akaniamkia: shikamoo, Mwalimu. Nikahisi na meno mengine yanalegea. Wanataka kuthibitisha kaburi la Mwenye Namkonda wa kwanza, mtawala aliyeuvusha ukoo wetu mto Ruvuma. Mjomba Fakihi amefurahi kama bwana harusi. Yeye ndiye Namkonda wa sasa, wa nane. Kwetu jina hurithiwa: mjomba akiondoka, analichukua mpwa. Mpwa ni mimi. Maskini ukoo!

Ana miaka themanini na sita, haoni kabisa, na kifua kinambana tangu Mei. Leo ameushika mkono wangu. Hana haja ya kitu kingine duniani, anasema, ila siku yake ikifika alazwe miguuni pa Namkonda. Basi.

Nikasema ndiyo, Mjomba. Mchana sikula. Nimesingizia jino.

Jumatano, 16 Julai

Jana jioni, unga. Dokta aliomba ruhusa ya kuchimba, Mjomba akasema ruhusa haitoi yeye. Nikamwongoza mpaka kwenye rundo la mawe, akamimina unga wa mtama taratibu, ukasimama kama kichuguu. Ukiamka umesimama, wa chini wamekubali. Ukimomonyoka, kila mtu arudi kwao.

Niliomba umomonyoke! Niliomba kwa Kimakua, kwa Kiswahili, hata kwa sala za kanisani nilizolelewa nazo. Asubuhi umesimama wima. Hata sisimizi hawajaugusa. Imamu wetu Abdulrazaki, ambaye rasmi hakuwepo, alichungulia kwa mbali akasema haya, kazi kwenu.

Wamefunga kamba pembeni ya mawe, mita moja kwa mita moja. Sharti la Mjomba: mifupa isiguswe. Wanachimba kwa mwiko wa fundi ujenzi na brashi ya rangi. Mama Huruma anasema wangekuwa wakulima hawa, wangekufa njaa mwaka wa kwanza.

Alhamisi, 17 Julai

Vigae vitatu vya chungu. Shanga nyekundu moja, kama punje ya mtama. Watu wakapiga vigelegele. Dokta hakupiga. Shanga hutembea, akasema. Panya huzishusha, mizizi huzishusha.

Akamuuliza Mjomba: aliyelala hapa ni Namkonda yupi hasa, maana waliotangulia ni saba? Mjomba akacheka mpaka akakohoa. "Namkonda ni mmoja, mwanangu. Sisi tunabadilishana ngozi tu."

Dokta akaandika. Halafu akafuta miwani. "Hilo, Mzee, maabara haiwezi."

Jumamosi, 19 Julai

Kitufe cha shaba. Na kifuniko cha kopo, kimeliwa na kutu. Chini ya jiwe la ukingoni — chini, si juu!

Dokta kanivuta kando, kwenye mikorosho iliyopuliziwa salfa jana. Anasema kwa upole, kama daktari wa watu: vitu hivi ni vya vita vya Mjerumani na Mwingereza, 1917 hivi. Wapagazi walikufa njia yote hii, Masasi, Newala, mpaka mtoni. Wenye bahati walifukiwa na wenzao, mawe juu, safari ikaendelea. Hawezi kuapa. Huenda kaburi ni la kale na mtu alilifukua. Huenda ni Namkonda wa baadaye, naye alivaa koti la askari. Huenda.

Nimeidaka hiyo huenda ya mwisho kwa mikono miwili. Nikaisifia. Nikamwambia machifu wa zamani walipenda makoti sana.

Akanitazama. Nani alionyesha kwamba ni hapa?

Nikasema: wazee.

"Wazee gani, Mwalimu?"

Nikasema jino linauma. Jino ambalo halipo!

Jumatatu, 21 Julai

Pili ameshuka kutoka Newala kumuuguza baba yake. Ni binti wa Mjomba, kwa hiyo binamu yangu, na mdomo wake haujapoa. "Huyu ndiye Mwenye mtarajiwa? Kibogoyo! Wenzangu wa Newala wakikuona watasema, si tuliwaambia Namkonda alizikwa kwetu huku juu?" Kweli wanadai hivyo, na mti wao wa matambiko wanao. Kila mtu ana Namkonda wake. Nimecheka kwa sauti kuliko wote.

Mjomba hakula. Ameuliza jambo moja tu: wamemfikia?

Pili akanigeukia mimi.

Nikasema wanakaribia, Mjomba.

Jumatano, 23 Julai

Hospitali amekataa. Hasemi. Pumzi tu.

Ijumaa, 25 Julai

Mjomba amefariki alfajiri. Atazikwa baada ya swala ya alasiri. Sasa ni saa saba.

Hakuna anayeuliza wapi. Wote wanajua. Dokta Yasinta amekwisha kufukia shimo lake. Amesema hawezi kusimama kati ya mtu na wosia wake, na kwenye ripoti ataandika "haijathibitika". Aliponipa mkono wa pole alichelewa kuuachia. Imamu naye ametangaza mbele ya watu kuwa mstari wa kaburi nitauchora mimi, maana ndimi niliyekuwa macho ya marehemu.

Basi niandike ilivyokuwa. Angalau hapa.

Mwaka 1991 Mjomba alinipeleka kaburini. Mara moja tu. Macho yake yalikuwa yameanza ukungu, alitaka kunikabidhi mahali pale kabla hapajampotea. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Siku hiyo kulikuwa na mpira Nanganga, na msichana wa Nanganga. Kila alichosema niliitikia ndiyo, ndiyo. Nakumbuka mawe. Nakumbuka mteremko. Kuliko vyote nakumbuka saa yangu ya mkononi.

1999 akaja afisa utamaduni, anataka kuonyeshwa. Mjomba keshapofuka. Akasema kwa fahari: mpwa wangu anapajua. Tulizunguka porini saa tatu nzima, mimi mbele, afisa nyuma, viatu vimemkata. Tukarudi tambarare. Nikaona rundo la mawe. Nikasema: hapa.

Akapiga picha. Ndiyo utafiti wote huo!

Nilijiambia nitarudi peke yangu nipatafute, halafu nirekebishe kimyakimya. Nimerudi mara sita. Mteremko ule ulishafyekwa ukapandwa mikorosho, mawe watu wamebeba wakajengea misingi ya nyumba. Nikisimama sasa hivi nikasema si hapa, wataniuliza ni wapi. Sijui ni wapi. Aliyejua yumo ndani, anaoshwa.

Miaka ishirini na sita nimemshika mkono kipofu, namwongoza akamwage unga kwa mtu ambaye huenda hata kwao hawajui alifia wapi. Na leo nimlaze miguuni pake. Au nisimlaze. Nimlaze wapi?

Kuna na hili, Mama Huruma mwenyewe hajui. Mwaka juzi, njiani, bakuli la unga mkononi, Mjomba alisimama. Akasema: "Alfredi, zamani nilikuwa nafika pale nahema. Siku hizi hatupandi?"

Nikamwambia wamechonga njia mpya, Mjomba.

Aligeuza uso upande wa kilima, akawa kama anasikiliza. Halafu akasema haya, akanyoosha mkono nimshike tuendelee.

Pili yuko mlangoni. Leo hana utani. Anasema majembe yako tayari, watu wanakusubiri wewe tu.

Nimemwambia nakuja, navaa viatu.

Viatu nimevaa tangu asubuhi.