Vipindi vya Mama

2 Machi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima na kazi haikubani sana. Mimi sijambo, magoti tu ndiyo yanalalamika.

Ile programu ya Python uliyoniandikia baada ya msiba wa mama yako inagoma. Ulisema, "Baba, bonyeza hapa tu, vipindi vyote vya mama vitahamia kwenye diski yako." Nimebonyeza mpaka kidole kimeota sugu. Inajibu kwamba Z:\vipindi haipo. Hapa redioni faili ni maelfu, zimechanganyika, na mtunza kanda mzee kama mimi hawezi kuzichambua moja moja. Seva ya zamani, ile kompyuta kuu inayozihifadhi, inafutwa tarehe ishirini. Fanya hima. Nataka kumsikia tena mama yako akitangaza.

Baba yako

11 Machi

Mwanangu, hujambo? Kimya chako kimenitia wasiwasi. Fundi wa kompyuta yuko likizo, na mkuu wa kituo kasema tarehe haisogei. Nimejaribu kunakili mwenyewe siku nzima, nikaambulia matangazo ya sabuni. Usinichoke.

Baba yako

24 Machi

Shikamoo baba,

Natumaini magoti yamepata nafuu. Nisamehe. Niliona "vipindi vya mama" nikaifunga barua, na kila siku nikasema kesho.

Kosa ni langu. Herufi Z niliiweka kwenye kompyuta yangu kuwa njia ya mkato ya kwenda kwenye seva. Kompyuta yako haiijui. Badala yake andika jina kamili la seva: r"\\hazina\vipindi". Hiyo r usiisahau, bila hiyo Python inaweza kuivuruga hiyo mishazari, vile vistari vilivyolala. Ni mstari mmoja tu, baba. Niambie walisogeza tarehe.

Mwanao

25 Machi

Marahaba mwanangu,

Mimi mzima. Nimeandika ulivyonielekeza, r na yote. Safari hii haikugoma. Ya zamani ilikwisha kufutwa; seva mpya wameipa jina lilelile na folda zilezile, kwa hiyo folda ilifunguka vizuri, programu ikahesabu, ikaandika: faili 0.

Nimelia, sikufichi. Nilikukasirikia hadi adhuhuri, kisha hasira ikaniishia. Maji yakimwagika hayazoleki.

Ila kuna jambo nimeogopa kukwambia tangu mwanzo. Sauti ya mama yako imeanza kunitoka. Maneno yake nayakumbuka, sauti siisikii. Usiandike tena, piga simu. Uniigizie alivyokuwa akiniita kutoka jikoni, kabla na wewe hujasahau.

Baba yako