Kikombe cha Alhamisi

Kamembe, Alhamisi, 12 Machi

Papa Furaha,

Mvua ilinyesha tangu alfajiri. Sasa imekatika, na ziwa limekuwa jeupe mpaka upande wa Bukavu. Moyo wangu umetulia. Wanaopita kwenye ukurasa huu kusoma wanisamehe, leo tena namwandikia marehemu mume wangu.

Majibu yametoka. Figo zangu ni nzima kwa umri wangu.

Sikukuambia kwamba nilikuwa na hofu. Mwezi uliopita, siku ya vipimo vya wazee kwenye kituo cha afya, damu yangu ilionyesha kreatinini, uchafu ambao figo hutakiwa kuutoa, imepanda. Neno hilo nalijua tangu ugonjwa wako wa figo. Sikumpigia binti yetu Furaha simu. Nilifungua sanduku, nikachagua kitenge cha kuzikwa nacho. Kile chenye ndege, ulichosema kinanifanya nifanane na kanisa siku ya Pasaka.

Muuguzi, binti mpole anayetoka Gashonga, aliniuliza siku ile kama nilikuwa nimekunywa maji. Nikasema ndiyo.

Nilidanganya.

Ilikuwa Alhamisi, na Alhamisi nafunga kavu. Sili kitu, sinywi hata tone, tangu Jumatano jioni mpaka sala ya jioni ya kesho yake. Kanisani wananisifu, wanadhani ni maombi. Wewe unajua ukweli. Alhamisi yako ya mwisho uliniomba maji, na ulikuwa umeshamaliza kikombe ambacho daktari alikuruhusu kwa siku. Nikakunyima. Nikalowesha kitambaa, nikakupangusa midomo. Tangu hapo nimejiwekea kiu yangu ya kila wiki, ili usiwe na kiu peke yako.

Jumatatu nilirudi kwa muuguzi, nikamwambia yote. Hakunicheka. Alisema mwili unachoma chakula kama jiko linavyochoma makaa, na moshi unabaki ndani. Kwa kijana moshi huo unatoka upesi. Kwa mzee unakawia, na figo ndizo zinazoumia mapema, kama ukuta wa jikoni unavyoshika masizi. Nikiongeza kuzikausha kila wiki, nazichosha mara mbili. Nilimuuliza kama ninunue ule unga wa kusafisha figo unaouzwa sokoni. Akasema hapana, niendelee na mboga zangu za lenga-lenga na matunda, na ninywe maji.

Kisha akanishika mkono.

“Papa hasikiake tena kiu, Maman. Weye njo unaisikia.”

Kweli, mwenye kiu ndiye mimi. Nililia kidogo pale kwenye benchi. Akaniacha nimalize.

Alinituma nyumbani nile na kunywa kama watu wengine, nirudi Jumatano kutolewa damu. Nilikunywa kweli. Maman Odette, jirani yetu, aliniona nikipita uani mara nyingi, akaniuliza kama choo njo kimenioa. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Ungecheka na wewe.

Leo karatasi imesema namba imeshuka. Nitapima tena baada ya miezi michache, lakini kitenge chenye ndege nimekitoa sandukuni. Nitakivaa Jumapili.

Niliporudi nilichukua kikombe chako cha kijani, kile kilichobanduka ukingoni. Nilikuwa nakifuta vumbi tu, sijawahi kukinywea. Nikakijaza maji. Nikakaa nacho mezani, ingawa ni Alhamisi.

Nikanywa yote.

Halafu nikakigonga mezani mara mbili, kama ulivyokuwa ukifanya ukitaka niongeze. Nyumba ikasikika kama zamani.

Basi nitafanya hivyo kila Alhamisi. Sitafunga tena kavu. Nitakunywa kwa kikombe chako, nikutaje jina. Jioni nitampigia Furaha, nimweleze yote, hata la kitenge.

Na wewe, huko ambako hakuna anayekupimia maji, ukinywa, unikumbuke.