Nimenunua Zile Ndogo

Mpendwa Baba Eliwaza,

Kabla sijakupa habari ya mtu mwingine yeyote, pokea hii: nimenunua zile ndogo. Cheka tu. Najua ulivyokuwa ukicheka, mabega yanatikisika na sauti haitoki, halafu unajifanya unakohoa ili nisikasirike.

Wiki iliyopita nilikwenda Singida mjini, duka lile lile tulilokwenda pamoja mwaka ule. Muuzaji si yule mzee tena, ni mwanawe. Akaniuliza, "Mama, umetumwa na mzee?" Nikamwambia mzee amelala kaburini Kinampanda na leseni ni yangu. Akaitazama leseni, akanitazama mimi, akairudia leseni. Halafu akaniletea boksi la risasi kwa mikono miwili. "Basi chukua hizi, mama. Hizi zikimpata njiwa hazimwachi."

Baba Eliwaza, zilikuwa zile zile. Zile zenye marisau makubwa kama choroko. Nilishika meza ya duka nisianguke.

Unakumbuka siku ile? Muuzaji alikuwa amepasua risasi mbili ili wateja waone ndani. Moja imejaa marisau madogo kama uwele, nyingine ina punje chache kubwa. Wewe mkono wako ulishafika kwenye uwele. Mimi, ambaye sikuwahi kushika bunduki zaidi ya kuifuta vumbi, nikadakia. "Njiwa wa kifua kile unampiga na uwele? Hata kuku humpi punje ndogo namna hiyo!" Ukajaribu kunieleza kwamba njiwa ni ndege mwepesi, anataka punje nyingi zinazosambaa, si punje kubwa. Nikakwambia mbona sokoni huchagui maharage madogo. Watu dukani wakacheka. Ukanitazama, ukasema, "Haya, mama. Wewe ndiye unayepika." Ukanunua choroko.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwetu sisi mkuu ndiye aliyesikia la mkewe, likatoboka tangi la jirani.

Alizeti ilikuwa imeinama, imekomaa, na njiwa walikuja kundi kwa kundi kutoka upande wa kwa Mzee Kitundu, wakiruka chini chini. Ukapiga mara mbili. Hakuna njiwa aliyeanguka. Badala yake tukasikia ukelele wa mke wa Kitundu. Tulikimbia, mimi nimeshika kanga isidondoke, na tulipofika tulikuta tangi lao la maji ya mvua linatoka maji kwa matundu matatu, na yule mama amesimama kando na ndoo yake mkononi. Alikuwa ametoka tu kuchota pale. Marisau ya uwele yangeishia kwenye majani ya alizeti. Yale ya kwangu yalivuka shamba zima.

Jioni majirani walikaa, na Kitundu akauliza imekuwaje mtu mzoefu kama wewe akafanya jambo la kitoto. Nilikuwa nimekaa nyuma yako. Nilifungua mdomo. Ukatangulia. "Kosa ni langu. Nilichagua vibaya." Ukaomba radhi, ukachukua plastiki na moto, ukaliziba lile tangi mwenyewe. Kitundu akapokea radhi, lakini kesho yake akalihamisha tangi hadi nyuma ya nyumba, mbali na shamba letu. Mfereji wa bati lake uko upande wetu. Kuanzia siku ile maji ya bati lile yakawa yanamwagika chini bure kila mvua, na mkewe anakwenda kisimani. Nami kila nikiona yakimwagika, najua ni nani aliyeyamwaga.

Hukunigombeza hata siku moja. Ulichofanya ni kuchukua lile shuka letu kuukuu, ukalipasua vipande viwili, ukachora njiwa kwa mkaa katikati ya kila kipande. Ukavitundika kwenye kichuguu kule bondeni, ukarudi nyuma hatua arobaini, ukapiga kimoja kwa choroko na kingine kwa uwele. Kisha ukaniita. Shuka la kwanza lilikuwa na matundu machache makubwa, na njiwa wa mkaa amekaa katikati yake, mzima kabisa. La pili lilikuwa kama chekeche, na njiwa hana pa kupona. Nilisubiri unisute. Ukasema tu, "Umeona mwenyewe," ukaniuliza chai iko wapi.

Jioni moja ya msimu uliofuata tulikula njiwa kwa ugali wa uwele, ukang'ata risau moja, ukalitoa mdomoni na kuliweka ukingoni mwa sahani yangu. "Hilo la kwako, mpishi." Nilikupiga na mwiko. Ningekupiga na mwiko huo leo kama ungekuwepo, Baba Eliwaza. Nakukumbuka sana.

Ulipotutoka, bunduki tuliikabidhi polisi kama sheria inavyotaka. Msimu wa kwanza bila wewe nilipiga debe mpaka mikono ikavimba, na njiwa walinizoea kama kuku wangu. Nilivuna vichwa vitupu vya alizeti. Nikaona nikikaa hivi nitauza shamba, na shamba lile ndilo tulilofyeka pamoja, mimi na wewe, mti kwa mti. Basi nikaomba leseni ya bunduki ile.

Kwanza lazima kamati ya kijiji iniridhie. Nilipoingia nikawaamkia wazee wote, shikamoo, shikamoo, nikakaa. Mzee Kitundu akasimama. "Mimi sina ugomvi na mjane. Lakini bunduki ile imeshaonja tangi langu, na aliyeishika alikuwa fundi. Fundi akikosea, huyu je?"

Ningeweza kunyamaza. Wengine walikuwa upande wangu, wangenipitisha. Lakini niliona ungali unabeba kosa langu, hata huko uliko. Nikasimama. "Mzee wangu, marehemu hakuchagua risasi zile. Nilizichagua mimi. Nilimlazimisha dukani mbele ya watu, na yeye akanifichia."

Nilijua labda nimejinyima leseni kwa mdomo wangu. Nikafungua mkoba, nikatoa vile vipande viwili vya shuka, ambavyo wewe ulidhani nimeshavifanya matambara, nikawaeleza kama ulivyonieleza. Mzee Kitundu akavishika, akapitisha kidole kumzunguka yule njiwa mzima.

"Mbona hukusema siku ile?"

"Niliogopa, mzee."

"Na leo huogopi?"

"Leo naogopa zaidi. Ila nimechoka kumwachia marehemu mzigo wangu."

Akakunja vile vipande taratibu, akanirudishia. "Basi mpeni. Lakini tangi langu litakaa huko huko nyuma mpaka nione kwa macho."

Ndiyo maana dukani nilishika meza. Nilimrudishia yule muuzaji boksi lake. Nikamwambia, "Mwanangu, njiwa ni mwepesi, anataka punje nyingi. Nipe za uwele." Akacheka, lakini akaleta.

Leo asubuhi njiwa wamekuja. Kibali cha wanyamapori nilikuwa nacho mfukoni. Mzee Kitundu alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba yake, mikono nyuma. Nilikwenda upande wa pili wa shamba nikaipa nyumba yake mgongo, kama ulivyokuwa ukifanya kabla sijakuharibia akili. Niliwaacha wapande juu. Risasi ya kwanza nilikosa, bega likaniuma. Ya pili, njiwa mmoja akaanguka, kundi likageuka likaenda zake. Nikasikia marisau yakishuka juu ya majani ya alizeti, laini, na kwenye bati la Kitundu hakuna kilichogonga.

Nilipogeuka, hakuwepo. Nikasema basi, nimemuudhi. Nikatoa maganda, nikaifungia bunduki ndani, na nilipotoka tena nikasikia kitu kinakwaruza chini. Mzee Kitundu alikuwa anasukuma tangi peke yake, anazunguka nalo kona ya nyumba, analileta chini ya mfereji wa bati. Viraka vyako vitatu vilikuwa bado vinaonekana.

"Mama Eliwaza!" akaita. "Unatazama nini? Njoo ushike upande huo."

Nilishika, Baba Eliwaza. Limekaa pale pale pa zamani.

Lala salama, mume wangu. Ule mzigo nimeshautua. Nasubiri mvua tu sasa.

Mkeo mbishi,
Mama Eliwaza