Bulisa na Sahani Iliyopungua Njiani

Ni mwaka mmoja sasa, Bulisa, tangu tulipokubeba kuuteremka mji wetu wa Tiberia, watoto wa mtaa wakitupisha na mataji yao ya karatasi na ndevu za pamba. Ilikuwa siku ya pili ya Purimu, sikukuu ya malkia Esta alivyotuokoa Wayahudi, na dini yetu hairuhusu kumwombolezea mtu kwa hotuba katika siku ya furaha. Tulikuzika bila yeyote kukutolea hotuba. Ndiyo maana leo tunakuandikia.

Kwingine Purimu ni siku moja tu: miji yenye ukuta wa kale huishika siku ya pili, mingine siku ya kwanza. Mji wetu ulizungushiwa ukuta pande tatu, upande wa nne ni ziwa, na wazee wa kale hawakukata shauri kama maji nayo ni ukuta. Basi tunasoma gombo la Esta siku mbili. Wengi huiona ya pili kama nyongeza. Wewe uliiita siku ya waliochelewa. Mimi, kaka yako Shabtai, nilipokuwa mpishi wa meli uliniandikia kila mwaka niwahi walau hiyo. Sikuiwahi.

Tunakumbuka cherehani yako dirishani. Mapazia makuukuu yaligeuka majoho ya wafalme, na kila joho ulilikunja pindo nene, kwa sababu, ulisema, hata mfalme hurefuka. Mtoto mmoja alikuuliza kwa nini jina la Mungu halimo katika gombo lile. Ulimjibu ukiwa na pini mdomoni: "Mwokaji humwoni. Mkate si unaunusa?"

Nilirudi mwaka jana, moyo wako ukiwa umeshachoka. Azrieli, kitinda mimba wetu, hakuwa amesema nami kwa miaka kumi na mmoja, kwa kuwa sikuja kumzika mama. Uliniambia kufa hukuogopi. Unaogopa kutuacha wawili kama wapangaji wasiojuana.

Asubuhi ya Purimu ukanituma kwake na sahani: masikio ya Hamani, vile vitafunio vyetu vya kukaanga, na tende. Zawadi ya siku ile lazima iwe aina mbili za chakula, hilo kila mtu kwetu analijua. Lakini njiani niliketi kwenye ngazi. Ziwa lilikuwa jeupe kama maziwa, halina ng'ambo, nami nikawa kama mtu anayeota akiwa macho. Nilipozinduka nilikuwa mlangoni kwa Azrieli, na kokwa za tende zimejaa mfukoni.

Alifungua. Akaitazama sahani, hakunitazama mimi.

"Aina moja hii," akasema. "Si zawadi."

"Tende nimekula."

"Zote?"

"Zote."

"Mlafi wewe, hata uzee haujakuponya. Ngoja nivae viatu. Twende kwa dada aitimize, mimi kitu nusu sipokei."

Sahani akaibeba mwenyewe. Njia nzima alinisimanga, jinsi nilivyokuwa nikimwibia mama zabibu kavu, jinsi nilivyo mzito wa kupanda ngazi. Nilimwacha aseme. Miaka kumi na mmoja ni maneno mengi.

Ulipotuona wawili mlangoni ulicheka mpaka Reina, binti yako, akaja na maji. Ukasema, "Azrieli, mdogo wangu, keti. Tende ziko kabatini. Kaka Shabtai asizishike."

Kesho yake, siku ya pili, Azrieli alikusomea gombo kitandani, nami kila jina la Hamani, yule adui wa Esta, lilipotajwa nikagonga sufuria kulizima, kama ilivyo desturi. Mwanga wa ziwa uliingia ukatambaa darini, nawe ukautazama muda mrefu. Kabla ya adhuhuri ukafumba macho. Hatukujua ni lini hasa, kwa sababu ya kelele.

Reina amehamia Haifa, anaendesha basi. Cherehani iko kwa jirani Luna, anashonea mapazia. Azrieli alipasuliwa goti na bado anachechemea. Mimi na yeye tunakaa katika vyumba vyako viwili. Yeye anataka dirisha lifungwe, mimi liwe wazi. Safari sijaenda tena.

Tunaokukumbuka ni kaka yako Shabtai, mdogo wako Azrieli, binti yako Reina na mumewe Yoeli, jirani yako Luna na watoto wa mtaa. Daima, Bulisa, siku zote mbili, tutakukumbuka.