Taa Dirishani kwa Momme

Jumanne, 15 Februari

Redio inasema upepo wa kaskazini-magharibi, mkali, siku kadhaa mfululizo. Redio husema hivyo kila majira ya baridi. Lakini leo asubuhi shakwe walikuwa wamekaa chini majanini, wote wamegeukia upande mmoja, hakuna aliyeruka. Nawaamini shakwe kuliko redio.

Jirani yangu Hark na mimi tumepandisha kondoo juu ya tuta. Tuta letu lina nyumba mbili tu: yake na mkewe Inken, na yangu, ninamoishi peke yangu tangu mume wangu afariki. Wazee waliolijenga tuta hili kwa udongo na jasho walijua bahari itakuja, ndiyo maana hakuna anayejenga chini. Kondoo nao wanajua, wanapanda wenyewe. Isipokuwa jike la jicho moja. Yule alitaka kubembelezwa kama bibi harusi. Nimembeba. Mgongo wangu unalia.

Rundo la moto limebaki chini shambani. Kuni, miti ya Krismasi ya kisiwa kizima, na kochi bovu la Inken juu kabisa. Jumatatu ndiyo siku ya kuliwasha na kuiaga baridi, kama kila mwaka. Hark anataka tulifunge kamba. Nikamwambia, yafunge na mawimbi kabisa, jirani, tulale salama.

Jioni nimeweka taa kwenye dirisha la kusini. Bahari ikitishia kupanda, kila tuta huweka taa upande wa jirani. Maana yake: tupo wazima, laleni. Isipoonekana, watu huja, hata kwa kuogelea.

Kusini ni tuta la kaka yangu Momme. Nyumba moja, mtu mmoja, ukaidi wa watu kumi. Taa yake inawaka. Hatujasemezana tangu Novemba, alipoteleza kizingitini akaumia nyonga. Nilimwambia ahamie kwangu, chumba kipo, supu ipo. Akasema yeye si mzigo wa mtu. Nikasema utakufa peke yako kama paka. Akasema afadhali paka, hapigiwi kelele. "Ukiona taa yangu, Tatje, ujue nipo. Usipoiona, njoo na jeneza." Akafunga mlango.

Haya. Naiona. Siendi.

Jumatano, 16 Februari

Maji yamepanda mchana. Kwanza mifereji ikajaa, halafu barabara ikapotea, halafu nguzo za uzio zikabaki vichwa tu. Kisha nchi yote bahari, na sisi juu ya tuta kama vifaranga juu ya sahani. Nimeona mara nyingi. Bado kila mara nasimama mlangoni kutazama, sijui kwa nini. Ni pazuri. Nisiseme kwa Inken, atadhani nimerukwa na akili.

Nimepika sukuma wiki na nyama ya moshi, chungu kizima. Inken amekuja na mikate. Tumekula watatu. Hark anasema maji haya ni ya kuoshea miguu, makubwa bado.

Taa ya Momme imewaka mapema, kabla ya yangu. Lo! Ananishindania hata hapo.

Alhamisi, 17 Februari

Makubwa yamekuja.

Umeme umekatika, mtandao wa simu nao. Usiku tulipanda kwangu juu, kwenye kile chumba cha zege ambacho kila nyumba ya kisiwa hiki inacho, kimesimama juu ya nguzo zake chenyewe, hata nyumba ikienda chenyewe kinabaki. Hark alikuwa akipiga miayo. Inken alikuwa akisali, halafu akilaani, halafu akisali tena. Mimi nilifuma soksi. Mikono ikiwa na kazi, moyo haupati nafasi ya kwenda mbio.

Asubuhi nimetoka kuona. Maji yamefika mlango wa banda na kurudi. Kondoo wazima. Upepo umeng'oa matete ya paa langu upande wa magharibi, shimo la kupita ndama. Bwawa letu la maji matamu limeingia chumvi. Nimelionja kwa kidole, nikatema. Ng'ombe wa Hark watakunywa nini? Hilo limeniuma kuliko paa.

Tumetupa wavu wa zamani wa kuvulia juu ya paa na kuufunga mawe. Hark yuko juu ya ngazi, upepo unamvua kofia, anapiga kelele: "Tatje, nikiruka nikaenda Denmaki, mwambie Inken madeni yote ni yake!" Inken chini ameshika ngazi: "Nenda tu, baba, mie nitaolewa na daktari wa mifugo!"

Rundo la moto limetoweka. Lote. Kochi na kila kitu.

Bahari haijashuka inavyostahili. Upepo unaisukuma irudi, na milango ya mifereji ya kutolea maji baharini haiwezi kufunguka. Tuta la Momme ni la chini kuliko letu. Lazima maji yamemgusa. Lakini taa yake ilikuwapo wakati wote, nilikuwa nachungulia kila nikimaliza mstari wa soksi. Nyeupe, haitikisiki. Inken anasema inafanana na ya hospitali. Yetu ya mafuta inacheza kama mlevi.

Nilifurahi kuiona, naandika kweli. Halafu nikakasirika kwamba nimefurahi.

Ijumaa, 18 Februari

Saa sita mchana. Nilikuwa uani namwaga ndoo. Likaja wingu jeusi lenye mvua ya mawe, dunia ikawa giza ghafla. Nikatazama kusini.

Taa ya Momme ikawaka.

Wingu likapita, jua likatoka. Ikazimika.

Nikabaki nimesimama na ndoo. Momme? Momme ambaye njiti moja ya kiberiti anaipasua iwe mbili? Awashe taa mchana, kisa wingu?

Likaja wingu la pili. Ikawaka. Likapita. Ikazimika.

Nikaiweka ndoo chini.

Mtandao umerudi kidogo, nikisimama juu ya tenki la mafuta. Nikampigia mwanangu Ocke, yuko bara. Nikamuuliza kuhusu taa ya mjomba wake. Akaanza kuniuliza habari za kondoo. Ukimzaa mtu unajua anapokwepa.

"Mama, ile inajiwasha yenyewe. Ina kioo cha jua. Akishabonyeza swichi chini siku ya kwanza ya dhoruba, kila giza likiingia inawaka. Mimi ndiye niliyemnunulia na kumpachikia, nilipokuja Krismasi."

Kwa nini?

"Ngazi ya kwenda juu kwenye dirisha la taa imemshinda, Mama. Tangu ile nyonga. Akaniapisha nisikwambie."

Ngazi ya kwenda juu. Chumba cha zege kiko juu! Usiku ule maji yalipofika kwake, yeye alikuwa chini!

Nimemtukana Ocke, halafu nikamwambia nampenda, mtandao ukakatika katikati ya hayo mawili, sijui alisikia lipi.

Simu ya Momme haiiti.

Baadaye. Inken amepata kikosi cha uokoaji kwenye redio ya mawasiliano. Wana kazi pwani nzima: ukingo umebomoka huko, watu wako juu ya mapaa. Wakauliza, kuna dalili kwamba mtu ana shida? Inken akanitazama. Dalili gani niwape? Taa inawaka! Wamesema kesho, wakipata helikopta.

Nilivaa buti niende. Hark akanishika mkono wa koti. "Tatje, sasa maji yanapanda. Daraja la mfereji wa pili silioni. Ukizama wewe nitakuwa na wawili wa kutafuta. Kesho yakishuka tunakwenda, mimi na wewe, hata kama ni kwa kujikokota kwa matako." Hakucheka alipolisema hilo. Nikavua buti.

Siku tatu nimekaa nikila nyama ya moshi na kutazama taa isiyo na mtu. Damu nzito kuliko maji, husema watu. Wangekuja wayaone maji haya.

Naogopa. Basi, nimeandika. Naogopa.

Jumamosi, 19 Februari. Kwa Momme

Naandika jikoni kwake, kwenye hiki kitabu nilichokitia kwapani bila kujua. Nikikaa bure nitalia, na yeye hapendi.

Yu hai.

Tulikuja na trekta mpaka mfereji wa pili, daraja limekwenda kweli, kisha kwa mtumbwi wa Hark wa kukatia matete. Upepo umepungua, ila baridi inakata. Kwenye mlango wa Momme tukakuta rundo letu la moto. Miti ya Krismasi, magogo, yote yamejazana mlangoni kama watu wanaogombea kuingia. Na kochi la Inken limekaa sawasawa kizingitini, linasubiri kukaribishwa. Hark akasema, "Inken akiliona atalitaka tena." Tukacheka, Mungu atusamehe, tukiwa hatujui kilichomo ndani. Halafu tukavuta magogo.

Sakafu yote matope. Yuko kwenye kitanda chake kilichojengwa ndani ya ukuta, amejiviringisha blanketi, kofia kichwani. Uso wa rangi ya majivu. Alianguka Jumatano jioni akibeba kuni. Nyonga ileile. Akajikokota mpaka kitandani. Usiku wa maji makubwa yalipanda mpaka ubao wa kitanda, yakasimama hapo, yakarudi. Alikuwa na soseji moja na biskuti za Krismasi. Jiko lilizimika siku ileile. Simu imekaa mezani, ng'ambo ya chumba. Anasema alikuwa akiitazama kama mbwa anavyotazama mfupa wa jirani.

Aliponiona akasema, "Unataka nini? Taa si inawaka?"

Nikamwambia inawaka vizuri sana.

"Nani kakwambia?"

"Wingu limekusengenya."

"Lile la mvua ya mawe," akasema. "Nililiona. Nikajua limeniumbua." Halafu akageukia ukuta. Nikadhani amekasirika. Mabega yalikuwa yakitikisika. Kaka yangu ana miaka sabini na mmoja na sijawahi kuyaona mabega yake hivyo, hata tulipomzika mama.

Hark amewasha jiko, kisha ametoka na bendera ya shuka nyeupe. Inken ametuambia kwa redio ya mkononi ya Hark kwamba helikopta iko njiani, itamchukua mpaka hospitali ya bara.

Hapo ndipo alipoanza. Haendi. Keike wa tuta la mashariki walimchukua hivyohivyo, kwa nyonga hiyohiyo, wakamweka kwenye nyumba ya wazee yenye maua ya plastiki, na hakurudi. Na mzee Broder, jirani yake, vilevile. "Wakininyanyua hapa, Tatje, sirudi. Unajua kwamba sirudi."

Najua. Ningeweza kumdanganya. Sikumdanganya.

Nikamwambia, akibaki atakufa wiki hii, na mimi nitabaki kisiwani sina wa kugombana naye. Akasema nina Inken. Nikasema Inken anakubali haraka mno.

Miguu yake ni baridi kama samaki. Nimemvua zile soksi zilizolowa, nimeifuta miguu kwa taulo langu. Alikuwa akiukunja mguu, ananinyang'anya, anasema acha, acha, si mtoto mimi. Nikauvuta. Akauvuta. Tumegombania mguu, wazee wawili! Soksi moja imeingia. Ni zile nilizofuma Alhamisi, nimezikuta mfukoni mwa koti, kubwa mno kwangu. Sikuwa nimejiuliza nazifuma za nani.

Nasikia helikopta. Hark anapunga shuka nje, anapiga mayowe kana kwamba wanaweza kumsikia. Momme amefumba macho, bado anasema haendi, haendi, waambie haendi.

Na huku ameutoa mguu wa pili nje ya blanketi, mwenyewe, ameuelekeza kwangu, anangoja soksi ya pili.