Kipande Kinachoziba Mdomo

Mdogo wangu wa moyoni,

Tu wazima kwa rehema za Mungu, ila paa linavuja.

Binti yangu anachunguza vijidudu vya kifua kikuu huko maabara. Anasema kimeng'enya kinachopeleka habari ndani ya kijidudu kina kipande cha mwili wake kinachokiziba mdomo. Wakikata kipande hicho, kimeng'enya kinapayuka mfululizo. Shemeji yako akacheka: "Basi kipande hicho ni mama yako!"

Kweli. Siku shemeji yako alipokutusi mbele ya wakwe zako, nilikuwa jikoni. Amejuta, lakini mdomo ule hujiziba wenyewe kila ukifika kwenye samahani.

Mwaka mzima hujakanyaga kwetu, kaka. Njoo Jumapili baada ya ibada. Chai ataleta binti. Mimi sibanduki ubavuni pa shemeji yako.

Dada yako,
kizibo cha nyumba hii